Bado Kiti Changu Kipo?

Mke wa Dorsey alinijia nyumbani Alhamisi mchana, na mkononi hakushika bunduki. Alishika pai ya pichi.

Kama ndiyo kwanza unaanza kunisoma leo, pole, umeingia msibani katikati. Mimi ni Verlene Stovall. Kwa miaka kumi na moja nimeimba na Dorsey Hubbard nyimbo za kupokezana: yeye ubeti, mimi ubeti, kiitikio pamoja, maikrofoni moja. Tumetoa albamu nane hapa Nashville, na kwenye kila jalada tumepigwa picha kama waliooana jana. Mara tumekaa kwenye bembea ya kibarazani, mara nimeegemea bega lake nimefumba macho.

Wapenzi wa muziki wa kantri wakaamini. Wakatuita mtu na mkewe, na haikuwa hivyo hata siku moja. Mke wake ni Opaline. Mume wangu mimi ni yule niliyewasimulia huko nyuma, aliyeondoka na basi la bendi pamoja na msichana wa fidla.

Katika simulizi ya wiki iliyopita niliwaacha studio, kabla ya majira ya baridi, tukirekodi albamu ya tisa. Zamu ya Dorsey ilifika, akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu, akaanguka na stendi ya karatasi za nyimbo. Kiharusi. Hospitalini Opaline alinizuia mlangoni mbele ya wauguzi. "Wanaoingia ni ndugu tu, bibie." Nikageuka na maua yangu nikarudi nyumbani.

Tangu siku ile sikumwona Dorsey. Majira ya baridi yakaja, yakapita.

Na sasa huyu hapa mkewe, kasimama kwenye ngazi zangu na pai.

"Utaniacha juani?" akasema.

"Karibu."

"Siingii. Nikiingia nitakaa, nikikaa nitalia, na mbele yako silii ng'o."

Nikatoka mimi. Tukasimama kibarazani tukitazamana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja. Alikuwa amekonda. Nywele zake, ambazo kila Jumamosi zilikuwa zikipandishwa juu na kupuliziwa dawa mpaka upepo unazikwepa, zilifungwa kwa kitambaa cha jikoni.

"Dorsey hajambo?" nikauliza.

"Hajambo gani! Hasemi. Hasemi maji, hasemi chakula, hasemi hata nikojoe. Ananitazama tu."

"Daktari anasemaje?"

"Daktari nilimwona mwongo mpaka Jumapili." Akaishika ile pai kwa mikono miwili. "Jumapili redio wakapiga wimbo wenu. Ukaimba wewe. Zamu yake ikafika, Verlene, haki ya Mungu, mdomo ukafunguka. Akaimba! Neno la kwanza, la pili. Halafu sauti yake mwenyewe ya kwenye redio ikamtangulia. Akanyamaza akaisikiliza. Akalia kama mtoto."

Nilishika nguzo ya kibaraza.

"Nikaenda nikachukua santuri zenu zote nane," akaendelea. "Nikapiga moja moja. Kila akitaka kupokea, yule Dorsey wa kwenye santuri anamwahi. Santuri haimpi nafasi. Wewe ulikuwa unampa nafasi."

"Opaline..."

"Nyamaza nimalize, maana nikikatishwa sitarudia. Daktari anasema wapo wagonjwa wa namna hii, kusema hawawezi, kuimba wanaweza, na kwa kuimba wengine hurudishwa kwenye kusema. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Haya, nimeinama. Chukua pai, chukua koti, twende, mke mwenzangu."

Lile neno alilisema akitazama pembeni. Miaka yote hiyo ndilo jina alilonipa, na hakuwahi kulitamka bila meno.

Ngoja niwaambie jambo mnaloniulizia kwenye barua zenu kila wiki. Ndiyo, nilimpenda. Hapana, hatukufanya chochote. Hata busu la kwenye jalada la albamu ya tano lilikuwa hewa, mpiga picha alitupanga tu. Lakini ukimtazama mwanamume machoni, kila jioni, shibri moja kutoka usoni pako, akikuambia anakupenda kwa sauti ile, moyo haujui kama hayo ni maneno ya wimbo. Wangu haukujua. Yeye wake sikuwahi kuuuliza, na sasa ndimi zote mbili zimefungwa, wake kwa ugonjwa na wangu kwa aibu.

Nilichokitaka wakati naingia kwenye gari la Opaline kilikuwa kimoja. Nilitaka aniite jina langu.

* * *

Dorsey alikuwa kwenye kiti chake sebuleni, mkono wa kulia umelala mapajani. Uso upande mmoja ulikuwa wake, upande wa pili ulikuwa umeshuka. Aliponiona jicho lake zima likajaa maji.

"Wewe mzee," nikasema, "umenitoroka katikati ya wimbo. Una adabu kweli?"

Akacheka bila sauti. Nikapiga magoti mbele yake.

Magotini alifunikwa blanketi la viraka. Nililijua. Mashabiki wetu walikuwa na desturi ya kutuletea mablanketi ya viraka kila mwaka, siku ya kutoka kwa albamu yetu ya kwanza, wakiiita siku ya harusi yetu. Kina mama wa makanisani walikaa majira mazima ya baridi wakishona, kisha wanakuja nayo mpaka jukwaani: *Dorsey na Verlene*, na moyo mwekundu katikati. Utawaambiaje mbele ya ukumbi mzima kwamba mke yuko nyuma ya pazia anamshikia mumewe koti? Tulipokea, tukashukuru. Na Opaline, kwa kuwa katika familia yake kitambaa kizuri hakitupwi, alilala chini ya mablanketi yale.

Hili la magotini lilibaki na jina la Dorsey tu. Penye langu palikuwa na matundu ya sindano. Alilifumua uzi kwa uzi.

Opaline aliona nilipotazama. "Lina joto," akasema. "Imba."

Nikaanza kuimba bila gitaa, nikipiga vidole kwenye mkono wa kiti. Nilichagua *Kiti cha Pili*, wimbo uliotutoa, wimbo tuliofungia kila onyesho.

*"Meza nimeiandaa, sahani ziko mbili..."*

Nikanyamaza. Nikampa nafasi yake.

*"Njia ilikuwa ndefu, na moyo ulikuwa mkaidi..."*

Lo! Sauti ile ile. Ilikuwa imechakaa pembeni, lakini ni yeye, yuko humo ndani mzima! Nyuma yangu, mlangoni mwa jikoni, Opaline alidondosha sufuria, na hakuinama kuiokota.

Tuliimba ubeti wa kwanza, tukaimba kiitikio. Mwimbaji wa kupokezana hatazami karatasi, anatazama mdomo wa mwenzake, ndipo maneno yanapotoka pamoja kama mtu mmoja. Dorsey alinitazama mdomo vile vile kama zamani. Nilipogeuza uso kidogo kufuta machozi, akapotea. Nikarudisha uso, akarudi.

"Basi! Pumzika," nikamwambia kabla hatujafika mwisho. Niliogopa mwisho wa wimbo ule. Nitawaambia kwa nini.

Opaline akaja mbele, anajifuta mikono kwenye aproni. "Zamu yangu."

"Yako ya nini?"

"Ya kuimba! Maneno nayajua kuliko wewe. Nimeyasikia nyuma ya jukwaa miaka yote hiyo."

Akapiga magoti nilipokuwa. Akaimba. Jamani, Opaline ana vipawa vyake, biskuti zake zinayeyuka mdomoni, lakini kuimba Mungu alimnyima. Alianza juu, akashuka, akapita pembeni ya wimbo kabisa.

Dorsey akakunja uso. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anautafuta wimbo, hauoni. Akafungua mdomo, akafunga. Kisha akamgeuzia mkewe shavu, akanitafuta mimi.

Opaline akasimama. Akaenda jikoni, akaufunga mlango taratibu. Ningefurahi kama angeubamiza.

Nilijaribu kumwimbia tena Dorsey. Hakujibu. Alikuwa amefunga midomo kama mtu aliyekatazwa, na ilichukua glasi nzima ya chai ya barafu na mkate wa mahindi, kipande kwa kipande, kabla uso wake haujalegea.

* * *

Nilimkuta Opaline jikoni anaosha sufuria isiyo chafu.

"Usinionee huruma," akasema.

"Sijasema kitu."

"Unahema kwa huruma, nakusikia." Akafunga bomba. "Unajua ninachokichukia katika wimbo ule? Ile sehemu ya mwisho."

Niliijua. Kabla ya ubeti wa mwisho bendi nzima inanyamaza. Dorsey haimbi. Anasema tu, kwa sauti yake ya kawaida kama mtu amefika mlangoni kwake: *"Verlene, bado kiti changu kipo?"* Nami najibu kwa kuimba: *"Kipo, mpenzi, kipo, hakuna aliyekikalia."* Hapo wanawake ukumbini wanatafuta vitambaa vya machozi. Kwenye santuri ni hivyo hivyo. Jina langu limo kwenye kila nyumba yenye gramafoni kutoka hapa hadi Texas.

"Ni maneno ya kusema, si ya kuimba," Opaline akasema. "Umenielewa? Akifika hapo akayatoa, atakuwa *amesema*. Neno la kwanza tangu aanguke. Na neno lenyewe litakuwa jina lako."

Ndilo nililokuwa nikiliogopa na kulitamani pale sebuleni.

"Nimemlisha kwa kijiko," akasema. "Nimemgeuza kitandani usiku na mchana. Sikuombi upunguze kumpenda, hilo si langu kuomba. Nataka aniite mara moja tu. Opaline. Basi. Akishaniita, hata asiponena tena mpaka kaburini nitamzika nimeshiba."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Akaukausha mkono, akauonyesha mlango. "Nitaweka kiti changu pale, mgongo kwenye mlango huu. Wewe usimame hapa nyuma, mlango wazi kidogo. Wewe uimbe, mimi nichezeshe mdomo. Sauti itokee kwangu."

"Unataka nikukopeshe sauti."

"Umenikopa mume miaka kumi na moja, shoga. Hata riba sijakudai."

Nikacheka. Na yeye akacheka, kisha akaziba mdomo kwa aproni, na kile kilichofuata hakikuwa kicheko. Alisema halii mbele yangu, na akalia mbele yangu.

Nikakubali.

Nisijifanye malaika hapa. Wiki hii nimepigiwa simu na kampuni ya santuri kwamba wamempata kijana wa kuziba pengo la Dorsey kwenye albamu ya tisa, aimbe na sauti yangu iliyokwisha kurekodiwa, na niliwakatia simu kwa matusi. Sikuweza kumvumilia mtu mwingine penye nafasi ya Dorsey. Ningewezaje kumpa mtu mwingine nafasi yangu mimi, tena mkewe?

Nilikubali kwa sababu nilikuwa na hakika. Mdomo wa Dorsey umeshalisema jina langu mahali pale kila jioni kwa miaka. Mwalike shangazi, mwalike mchungaji, weka mbuzi kwenye kile kiti, ikifika pale atasema Verlene. Nilimwonea Opaline huruma, ndiyo, lakini ilikuwa huruma ya mtu anayejua ameshashinda.

* * *

Akaburuta kiti cha jikoni mpaka sebuleni. Akafungua kile kitambaa kichwani, akajichana kwa vidole. Akapaka rangi ya mdomo, nyekundu, ili mdomo uonekane.

"Dorsey, mume wangu," nikamsikia, "tuimbe."

Nilisimama nyuma ya mlango, paji la uso kwenye ubao. Ufa ulinipa upande mmoja wa uso wake, ule mzima, na kisogo cha Opaline. Nikavuta pumzi. Na kisogo kikavuta pumzi pamoja nami, sawia kabisa, maana zile pumzi zangu pia alikuwa amezikariri nyuma ya jukwaa.

*"Meza nimeiandaa, sahani ziko mbili..."*

Jicho la Dorsey likaganda kwenye mdomo wa mkewe. Nilimwona anashangaa. Nilimwona akiinama mbele.

*"Njia ilikuwa ndefu, na moyo ulikuwa mkaidi..."*

Alimwimbia yeye. Ee Yesu, sikujua nitaumia vile! Ule mtazamo niliuzoea ukiwa umenielekea, sikuwahi kuuona kwa pembeni. Sasa niliuona jinsi unavyoonekana ukiwa wa mtu mwingine. Lakini mwimbaji ni mwimbaji. Nikaendelea.

Ubeti wa pili ukaenda safi. Opaline hakukosea hata herufi. Katika kiitikio Dorsey aliinua mkono wa kushoto, ule unaofanya kazi, akaushika mkono wa mkewe juu ya lile blanketi lenye matundu.

Kisha tukafika.

Nikanyamaza. Bendi haikuwepo, lakini sote watatu tuliisikia ikinyamaza. Mahali pale kwenye santuri panapita pumzi mbili. Zikapita. Ikapita ya tatu. Midomo ya Dorsey ikawa inatafuta, shingo inakaza, mshipa umesimama. Nikaanza kumsaidia kimya kimya kutoka nyuma ya mlango, nikilitengeneza jina langu kwa midomo yangu, kana kwamba ataniona. *Verlene. Sema. Verlene.*

"O," akasema Dorsey.

Mabega ya Opaline yakasimama.

"O... Opaline." Akapumua. Akalirudia, wazi, kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu amefika mlangoni kwake. "Opaline, bado kiti changu kipo?"

Hakuimba. Alisema.

Alikuwa ameliondoa jina lililokaa pale miaka kumi na moja, akaweka la mkewe. Kichwa kile ambacho hakikuweza kuomba maji kiliweza hilo. Basi kumbe nilichoimbiwa jioni zote kilikuwa wimbo tu, na mahali penye jina siku zote palikuwa na mwenyewe.

Nilipaswa kufurahi. Mtu amesema! Nilikuja ili aseme. Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yakapita katikati ya vidole.

Na zamu ilikuwa yangu.

*Kipo, mpenzi, kipo, hakuna aliyekikalia.* Maneno ambayo ningeweza kuyaimba nikiwa usingizini. Nikatoa mikono mdomoni. Nikafungua. Ikatoka pumzi tupu. Nikajaribu tena, ikatoka sauti kama ya mlango mbovu, ndogo, haikufika hata kwenye ufa.

Opaline alikuwa ameshafungua mdomo wake mwekundu kulipokea jibu. Ulikuwa wazi, mtupu. Mkono wake mmoja ukaja nyuma ya kiti, vidole vinanipungia kwa haraka: imba, imba, imba! Ningemwambiaje kwamba siwezi? Naye angethubutuje kuimba mwenyewe, wakati alishaona Dorsey alivyofunga midomo mara ya kwanza?

Nikaona uso wa Dorsey unabadilika. Alimtazama mkewe mdomo. Akasubiri. Upande ule mzima wa uso ukaanza kushuka, ukifuata ule mgonjwa.

"Opaline?" akasema.

Vidole vya mkewe vikaendelea kunipungia.

"Bado kiti changu kipo?"

Safari hii haikuwa sehemu ya wimbo wowote. Alikuwa mgonjwa anamuuliza mkewe, na sisi wanawake wawili, mmoja mbele ya mlango na mmoja nyuma, hakuna aliyekuwa na sauti ya kumjibu.